Mpwa wangu, mitungi ya maji na karatasi ya utafiti

Kuna wageni wa Jumamosi jioni ambao ukiwaona mlangoni unatambua mara moja kwamba hawakuja kunywa chai. Mwaka jana mpwa wangu, kijana wa mwaka wa nne katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, alinijia kwa namna hiyo. Alikuwa na mkoba mgongoni na bahasha kubwa ya kaki mkononi. Alisalimu, akaketi ukingoni mwa kiti, na chai aliyowekewa ikapoa bila kuguswa.

"Mjomba," alisema hatimaye, "karatasi yangu ya utafiti imerudishwa."

Ndani ya bahasha mlikuwa na kurasa 46 zilizopigwa chapa vizuri. Mada ilikuwa "Tatizo la maji nchini Kenya: sababu, athari na suluhisho." Nilifungua nikitarajia kuona wino mwekundu kila mahali. Haukuwapo. Mhadhiri aliyemsimamia alikuwa ameandika sentensi moja tu, chini ya ukurasa wa mwisho: "Na wewe mwenyewe umegundua nini?"

Zilikuwa zimesalia wiki nane kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha. Bila karatasi hiyo kijana hangefuzu. Nyumbani dada yangu alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya karo, na akina mama wa chama chake walikuwa wameanza kuzungumza juu ya sherehe ya mahafali. Isitoshe, mwenzake mmoja darasani alikuwa amemnong'onezea kwamba yuko mtu ambaye angemwandikia karatasi nzima kwa siku nne, almuradi alipwe.

"Nimekuja kukuomba ushauri," alisema mpwa wangu akiangalia zulia, "na kama hutakasirika mjomba, mkopo kidogo."

Mkopo sikutoa. Ushauri nilitoa, na kwa kuwa najua kuna nyumba nyingi zenye kijana mwenye bahasha kama ile, nimeonelea leo niuweke hapa ili sote tunufaike.

Mada si swali

Kosa la mpwa wangu halikuwa uvivu. Mtu mvivu haandiki kurasa 46. Alikosea pale alipochukua mada kubwa kuliko mikono yake. Tatizo la maji nchini Kenya limewashinda mawaziri na magavana wenye bajeti na wahandisi, seuze kijana mmoja mwenye wiki nane na nauli ya matatu. Kwa hivyo alifanya wanavyofanya wengi: alichota aya katika kitabu hiki, nyingine katika gazeti lile, nyingine katika intaneti, akazishona pamoja. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote.

Nikaifunga ile bahasha, nikamuuliza, "Wewe unaishi wapi siku hizi?"

"Pipeline, Embakasi. Unajua, mjomba."

"Na maji mnapataje?"

Hapo ulimi ulimfunguka. Kwa muda wa nusu saa alinieleza jinsi mfereji unavyotoka siku fulani na kunyamaza siku nyingine, jinsi watu wanavyoamka usiku wa manane kupanga foleni, jinsi mitungi inavyojaa kwenye vijia hata mtu akose pa kukanyaga, na jinsi vijana wanaobeba maji wanavyopandisha bei kila unapopanda ngazi. Aliyasema yote bila kuangalia daftari.

"Haya unayonieleza yako ukurasa wa ngapi?" nikamuuliza.

Akanyamaza. Hayakuwa katika ukurasa wowote.

Tulichukua karatasi tupu tukaanza kupunguza. Kutoka nchi nzima tukashuka hadi jijini, kutoka jijini hadi mtaa mmoja, kutoka mtaani hadi jengo moja la kupangisha. Kufikia saa nne usiku tulikuwa na swali hili: katika jengo moja la Pipeline, familia ya orofa ya juu hugharimika kiasi gani zaidi kwa mtungi wa lita 20 kuliko familia ya orofa ya chini, nayo hufanya nini kupunguza gharama hiyo?

Swali zuri la utafiti hupimwa kwa mambo matatu. Kwanza, je, laweza kujibiwa kwa muda na pesa ulizo nazo? Pili, je, jibu lake bado hulijui? Kama unalijua, huo si utafiti bali ni hotuba. Tatu, je, yuko mtu ambaye jibu hilo litamfaa? Swali letu lilipita katika yote matatu. Nilimwagiza alipeleke kwa msimamizi wake Jumatatu asubuhi kabla ya kuandika hata neno moja. Wanafunzi wengi humkimbia msimamizi mpaka siku ya kuwasilisha, ilhali dakika kumi za kuzungumza naye mwanzoni zaweza kuokoa mwezi mzima.

Wiki nane kwenye ukuta

Siku hiyo hiyo tuliandika ratiba, akaibandika juu ya kitanda chake. Wiki ya kwanza ilikuwa ya swali na idhini ya msimamizi. Ya pili na ya tatu, kusoma. Ya nne na ya tano, kwenda nyanjani. Ya sita na ya saba, kuandika. Ya nane ilikuwa ya kusahihisha, kupiga chapa na kushughulikia dharura, maana umeme hupotea, kompyuta huharibika na mtu huugua malaria bila kutoa taarifa.

Kama wewe una muda mrefu zaidi, nyoosha ratiba hiyo, lakini usiiondoe wiki ya mwisho. Jambo lingine ni ruhusa. Uliza mapema chuoni mwako kama utafiti wako unahitaji leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Ukisubiri hadi wiki ya kwenda nyanjani utakuwa umechelewa, na chelewa chelewa utapata mtoto si wako.

Kusoma ukiwa na kusudi

Mtu mwenye swali dogo hasomi kila kitu. Husoma akitafuta kitu. Mpwa wangu alihitaji kujua mambo machache tu kabla ya kupanda ngazi za jengo lile. Maji ya Nairobi hutoka wapi? Sehemu kubwa hutoka katika bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, lenye uwezo wa kuhifadhi lita bilioni 70. Watu wanaoyahitaji ni wangapi? Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 4,397,073 jijini Nairobi, na juzuu ya nne ya ripoti ya sensa hiyo inaonyesha familia za kila kaunti hupata maji kwa njia gani. Ripoti hizo hutolewa na Shirika la Takwimu la Kitaifa, na huhitaji kumjua mtu yeyote ili kuzisoma. Sheria nayo inasemaje? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha.

Kama habari unayoitaka imo katika ofisi ya umma na haijachapishwa, usikate tamaa. Kifungu cha 35 cha Katiba hiyo hiyo kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi husika kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Andika barua ya adabu, taja kitu hasa unachokitaka, na ubaki na nakala. Ukihesabu siku 21 utaona ni kwa nini barua hiyo yafaa kwenda katika wiki ya kwanza.

Na wale wanaoandika juu ya mambo ya zamani wasisahau Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, lile jengo la Barabara ya Moi ambalo watu wengi hulitumia tu kama mahali pa kukutania. Ndani yake mna nyaraka za serikali tangu enzi ya ukoloni. Mwanafunzi aliyeshika barua ya zamani kwa mkono wake ana kitu ambacho mwenzake aliyesoma muhtasari tu hana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo huwaponza wengi, yaani kunukuu. Mpwa wangu alikuwa ameandika mambo mazuri katika daftari lake, lakini hakukumbuka lipi lilitoka wapi, wala ni maneno yapi yalikuwa yake na yapi ya wenyewe. Nilimnunulia kadi ngumu za shilingi chache. Juu ya kila kadi aliandika jina la mwandishi, mwaka, jina la kitabu au makala, na ukurasa. Chini yake aliandika wazo moja tu. Kama ni maneno ya mwandishi yalivyo, aliyafungia kwa alama za mtajo papo hapo. Kama ni maelezo yake mwenyewe, alifunika kitabu kwanza ndipo akaandika. Hiyo ya kufunika kitabu ni dawa kubwa, kwa sababu aliye na kitabu wazi mbele yake hunakili hata asipokusudia.

Najua siku hizi kuna programu za kompyuta za kuhifadhi marejeleo, na anayeziweza azitumie. Lililo muhimu ni kuandika chanzo siku unayokisoma. Orodha ya marejeleo inayotafutwa usiku wa mwisho huwa na mashimo kama kichungi. Uliza pia idara yako hutumia mtindo gani wa kunukuu. Idara nyingi hutumia APA, ambao toleo lake la saba lilitoka 2019, lakini nyingine zina mtindo wao.

Mama wa orofa ya sita

Katika wiki ya nne kijana alianza kubisha milango. Kabla ya hapo alimwona mwenye jengo na mtunzaji wake, akajieleza na kuonyesha barua ya chuo. Kwa kila familia alisema jina lake, kazi yake, na kwamba mtu ana uhuru wa kukataa. Hakuandika majina. Alizipa nyumba namba alizozijua mwenyewe, jambo la heshima na pia la kisheria, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haimruhusu mtu kutawanya habari za watu atakavyo.

Siku ya kwanza alirudi amevunjika moyo. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Je, tatizo la maji linakuathiri?" Kila mtu alijibu ndiyo, kisha wakatazamana. Nilimwambia swali ambalo wote watalijibu namna moja halipimi kitu. Aulize juu ya jana. Jana mlinunua mitungi mingapi? Kila mmoja ulikuwa bei gani? Nani aliyebeba? Mtu akiulizwa juu ya kawaida yake hukisia, lakini akiulizwa juu ya jana hukumbuka. Ndiyo maana hojaji hujaribiwa kwanza kwa watu watatu au wanne, irekebishwe, kisha ndipo itumike.

Akarudi na maswali mapya. Katika orofa ya sita alimkuta mama mmoja akichambua sukuma wiki. Alimuuliza bei ya mtungi, naye mama akataja bei ile ile ya chini, bila nyongeza ya ngazi. Kijana alidhani mama amekosea, akauliza tena.

"Mwanangu," mama akamwambia, "wewe unauliza bei ya maji. Mbona huulizi bei ya mgongo?"

Hakuwa akimlipa mbebaji. Alikuwa akipanda mwenyewe, ngazi kwa ngazi, na siku za kufua binti yake alichelewa shuleni ili amsaidie. Katika daftari la mpwa wangu familia hiyo ingeonekana kuwa na gharama ndogo kuliko jirani zake. Ukweli ni kwamba ililipa kwa namna ambayo swali lake halikuweza kuiona.

Usiku huo alinipigia simu akiwa na wasiwasi kwamba utafiti umeharibika. Nikamwambia, la, sasa ndipo umeanza. Akaongeza maswali mawili: nani hubeba, na humchukua muda gani. Akarudi kwa familia alizokwisha kuzungumza nazo, akaomba radhi, akauliza tena. Msomaji mwema, mtafiti hapaswi kulificha jambo lililompinga. Aghalabu hilo ndilo lenye thamani kuliko yote aliyoyapata.

Kuandika kwa kuanzia katikati

Wengi hukwama kwa sababu huketi mbele ya karatasi tupu wakitafuta sentensi nzuri ya utangulizi. Usianzie hapo. Anza na sehemu ya mbinu, maana ni kueleza tu ulilolifanya: ulikwenda wapi, ukawauliza watu wangapi, kwa nini hao, na kwa maswali gani. Kisha andika matokeo, yaani uliyoyaona na kuyasikia, bila kuyapamba. Baada ya matokeo njoo kwenye mjadala, mahali pa kueleza maana yake na kuyalinganisha na walioandika kabla yako. Mapitio ya maandishi yatakuwa rahisi kwa sababu kadi zako utazipanga kwa hoja kama karata mezani. Utangulizi uandike karibu na mwisho, na ikisiri iwe ya mwisho kabisa. Huwezi kumwalika mgeni katika nyumba ambayo hujui ina vyumba vingapi.

Andika kila siku, hata ukurasa mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Usisahihishe tahajia huku unatunga, kwani hizo ni kazi mbili. Na usiogope kusema mipaka ya kazi yako. Mpwa wangu aliandika wazi kwamba alichunguza jengo moja tu, kwa hivyo hawezi kusemea Nairobi nzima. Alidhani kusema hivyo kungempunguzia alama. Kinyume chake, mwalimu humwamini anayejua mahali ujuzi wake unapoishia.

Ukimaliza, isome kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi, ikate wewe kwanza. Kisha mpe mtu asiyesomea taaluma yako. Ile ya mpwa wangu ilisomwa na mke wangu, ambaye alimuuliza mambo sita ambayo yeye alidhani kila mtu anayajua.

Yule mtu wa siku nne

Sasa turudi kwa yule mwandishi wa kukodiwa. Sitajifanya kwamba hayupo. Hapa kwetu kuna vijana wengi walioelimika ambao kwa kukosa kazi wameishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo, na baadhi yao huwaandikia hata wa nyumbani. Uingereza ilitunga sheria mwaka wa 2022 kuharamisha biashara hiyo katika eneo la England. Lakini hata pasipo sheria, fikiri juu ya siku ya kuitetea karatasi yako mbele ya jopo. Mtu aliyeandika kwa siku nne hatakuwapo. Utaulizwa kwa nini ulichagua familia zile wala si nyingine, nawe utabaki ukiangalia dari.

Wako pia wanaokabidhi kazi yote kwa programu za akili unde kama ChatGPT, iliyozinduliwa Novemba 2022. Programu hizo zaweza kukusaidia kuelewa neno gumu au kupanga mawazo, kama chuo chako kinaruhusu, na uulize kwanza. Lakini zina tabia ya kubuni marejeleo: jina la mwandishi lipo, mwaka upo, ukurasa upo, ila makala yenyewe haipo duniani. Juni 2023 jaji mmoja mjini New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizobuniwa na programu hiyo. Ikiwa mawakili walinaswa, mwanafunzi atapona vipi? Usinukuu kitu ambacho hukukisoma mwenyewe.

Neno kwa wazazi

Mzazi mwenzangu, huenda hukufika chuo kikuu, nawe wadhani huna la kumsaidia mwanao. Unalo. Mpe meza na saa mbili za utulivu, televisheni ikiwa imezimwa. Muulize kila wiki, "Swali lako ni lipi, na umepata nini?" Akishindwa kukueleza kwa Kiswahili chepesi, bado halijamwelea, na ni afadhali alijue hilo jikoni kwako kuliko mbele ya jopo. Na akikuomba pesa za "kumalizia projekti", uliza ni za nini hasa. Nauli, kupiga chapa na kujalidi hazifikii maelfu mengi.

Mpwa wangu aliwasilisha kurasa 31, pungufu ya zile za kwanza kwa kurasa 15. Siku ya jopo mhadhiri mmoja alimuuliza juu ya bei ya mgongo, naye akaeleza mpaka akaombwa anyamaze ili wengine nao waulize. Alipita, akiwa na masahihisho madogo ya kufanya. Nakala moja aliipeleka kwa mama wa orofa ya sita, akamsomea ukurasa uliomhusu. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe uliandika kweli," kisha akamtuma akamshushie mitungi miwili mitupu.

Nawe mwanafunzi unayesoma haya, chukua kipande cha karatasi jioni ya leo uandike swali lako kwa sentensi moja. Kama haitoshi mstari mmoja au miwili, endelea kupunguza.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.